Yadi inayokuuzia gari ikikukopesha pia: jibu kwa muuguzi wa Umoja

"Mimi ni muuguzi, naishi Umoja na kazi yangu iko upande wa Karen. Nikitoka zamu ya usiku nabadilisha matatu mjini nikiwa na usingizi, na safari za jioni zinanitia hofu. Nimeamua kununua gari. Nina Sh700,000 benki, na akiba yangu kwenye Sacco ya kazini ni Sh230,000. Mshahara unaoingia mkononi ni Sh84,000. Kuna yadi Ngong Road inaniuzia Mazda Demio ya 2018 kwa Sh1,300,000. Wanasema nilipe nusu nichukue gari siku hiyo hiyo, nusu ya pili nilipe kwa miezi 24 kwa riba ya asilimia 3 tu kwa mwezi. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, itabaki kwao hadi nimalize. Mwenzangu kazini ameniambia benki haikopeshi pesa za gari lililotumika, kwa hivyo hii ndiyo njia pekee. Muuzaji ni mtu mzuri, ananipigia kila siku, na anasema kuna mteja mwingine analitaka gari hilo. Nitajuaje kama yadi hii ni ya kuaminika?"

Dada yangu, pole kwa hizo safari. Kukesha wodini kisha upigane na foleni za matatu mjini ukielekea Umoja si jambo la mchezo, na mimi sitakuambia kwamba gari ni anasa. Kwa zamu zako gari ni kifaa cha kazi. Nataka ulipate, na nataka miaka miwili ijayo liwe bado lako.

Umeuliza kuhusu uaminifu wa yadi. Katika maelezo yako mimi naona maswali matatu yamefungwa pamoja: je, muuzaji ni mkweli, je, gari ni zima, na je, mkopo ni wa haki? Wewe umelishika la kwanza. Naomba tuanze na la tatu, kwa sababu hata muuzaji akiwa mkweli kabisa na gari likiwa halina doa, mkopo huo peke yake unatosha kukuumiza.

Asilimia 3 kwa mwezi inasikika ndogo. Siri iko katika swali moja ambalo pengine hukuambiwa uliulize: asilimia 3 ya nini? Kuna mkopo ambao riba yake hupigwa kwa salio lililobaki. Kila ukilipa deni linapungua, na riba ya mwezi unaofuata inapungua nalo. Kuna mwingine ambao riba yake hupigwa kwa mkopo wote wa mwanzo, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata ukiwa umeshalipa sehemu kubwa. Yadi nyingi zinazouza kwa lipa polepole hutumia huu wa pili.

Tuchukue takwimu zako. Utadaiwa Sh650,000. Asilimia 3 ya hizo ni Sh19,500. Gawanya deni lenyewe kwa miezi 24, unapata Sh27,083. Jumla kila mwezi utatoa Sh46,583. Kwa miezi 24 utakuwa umelipa Sh1,118,000 kwa deni la Sh650,000, maana yake riba ni Sh468,000. Sasa uangalie mwezi wa 24 peke yake. Siku hiyo deni lako halisi limebaki Sh27,083, na bado unatozwa riba ya Sh19,500 juu yake, kana kwamba hujawahi kulipa hata shilingi. Ukiugeuza mkopo huo uwe wa salio linalopungua ili uulinganishe na mingine, riba yake inakuwa karibu asilimia 4.9 kwa mwezi, yaani zaidi ya asilimia 58 kwa mwaka.

Inawezekana yadi yako inatumia salio linalopungua, na sitaki niwasingizie. Kipimo ni rahisi, huhitaji kikokotoo. Waambie wakupe kwa maandishi kiasi cha kulipa kila mwezi. Wakikuandikia karibu Sh38,400, hiyo ni asilimia 3 ya salio. Wakikuandikia karibu Sh46,600, ni riba ya mkopo wote. Wakisema hesabu utaiona siku ya kutia sahihi, umeshapata jibu la swali lako kuhusu uaminifu.

Halafu tazama mshahara wako. Ukitoa Sh46,583 kwenye Sh84,000 unabaki na takriban Sh37,400 za kodi ya nyumba, chakula, shule kama una watoto, na mafuta ya gari lenyewe. Pesa zako za benki nazo zitakuwa zimebaki Sh50,000, na bima kamili ya gari la bei hiyo, kwa kiwango cha asilimia 4 ambacho ni cha kawaida, ni kama Sh52,000 kwa mwaka. Kabla hujabadilisha hata tairi moja, umeishiwa. Watu wengi niliowaona wakinyang'anywa magari walikuwa walipaji wazuri. Walianza safari tanki likiwa tupu, mtoto akaugua mwezi wa tano, na mwezi wa sita winchi ya kuvuta gari ikaja.

Mwenzako kazini alikosea, ingawa najua alitaka kukusaidia. Nimefanya kazi ya mikopo ya magari kwa miaka mingi, na magari yaliyotumika ndiyo yaliyokuwa sehemu kubwa ya meza yangu. Benki za Kenya hukopesha pesa za gari lililotumika. Zina masharti: zitataka gari likaguliwe na kuthaminiwa na mthamini wanayemkubali, liwe na bima kamili, lifungwe traka (kifaa cha kufuatilia gari liliko), na zitaangalia umri ambao gari litakuwa nao siku mkopo utakapoisha. Usajili huwa kwa majina mawili, lako na la benki, hadi umalize. Mtu mwenye hati ya mshahara kama wewe, na rekodi safi kwenye CRB, yaani shirika linalotunza rekodi za wakopaji, ana haki ya kubisha mlango huo. Tuseme wakupe Sh650,000 kwa asilimia 16 kwa mwaka, salio likipungua, kwa miezi 36: utalipa karibu Sh22,850 kwa mwezi. Uliza pia ada zote za mwanzo, kwa sababu ada ya kushughulikia mkopo, uthamini na traka huja juu ya riba. Benki Kuu na chama cha mabenki waliweka tovuti ya kulinganisha gharama yote ya mkopo kwa sababu hiyo hiyo, kwamba riba inayotangazwa si gharama yote.

Hata hivyo, kwako mlango ulio karibu zaidi ni Sacco. Sacco nyingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba, kwa hivyo Sh230,000 zako zinaweza kukufungulia Sh690,000. Thibitisha kiwango cha Sacco yako, lakini asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua ni kiwango kinachojulikana sana. Kwa kiwango hicho Sh690,000 kwa miezi 36 ni karibu Sh22,900 kwa mwezi, na kwa miezi 48 ni karibu Sh18,200. Linganisha na Sh46,583. Utahitaji wadhamini, na hapo uwe mwangalifu na mkweli, kwa sababu usipolipa mwenzako wa wodini ndiye atakayekatwa. Itachukua pia wiki kadhaa, tena makato yakipitia kwa mwajiri, sheria ya ajira inataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwako, kwa hivyo mikopo mingine uliyo nayo itahesabiwa.

Faida ya Sacco haiishii kwenye riba. Utaingia yadi ukiwa mnunuzi wa taslimu, na hilo linabadilisha kila kitu kati yako na muuzaji. Yadi inayokuuzia na kukukopesha kwa wakati mmoja inapata pesa mara mbili, na mara nyingi faida kubwa iko kwenye mkopo. Ndiyo maana bei ya gari haishuki ukisema utalipa polepole, na ndiyo maana mtu anakupigia simu kila siku. Zitenganishe hizo kazi mbili: mkopo uutafute penye wakopeshaji, gari uliulize kwa muuzaji. Ukiwa na Sh690,000 za Sacco na Sh580,000 zako, una Sh1,270,000 za kuweka mezani, na Sh120,000 zimebaki kwa bima, usajili, tairi na huduma ya kwanza ya gari. Mwambie hizo ndizo ulizonazo na zinalipwa mara moja. Demio si gari adimu. Ukitoka Adams hadi Dagoretti Corner utahesabu kadhaa kabla jua halijakuwa kali, na ukienda Kiambu Road utaziona nyingine. Mteja mwingine anayelitaka, na alichukue.

Je, mkopo wa yadi una mahali pake? Unao. Mfanyabiashara wa Gikomba asiye na hati ya mshahara, ambaye pesa zake ziko kwenye bidhaa na atauza zote ndani ya miezi minne, anaweza kuutumia kama daraja, akikubaliana kwa maandishi kwamba akimaliza mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa. Bila sharti hilo, kumaliza mapema katika riba ya mkopo wote huenda kusikuokolee chochote. Wewe huko katika hali hiyo.

Sasa tuje kwenye uaminifu wenyewe, na kwenye logibuku, kwa sababu hapa nina kovu langu.

Mwaka 2012 nilinunua steshenwagoni kutoka kwa yadi ambayo mwenyewe alikuwa jirani wa shangazi yangu. Tulikunywa chai ofisini kwake. Nililipa pesa zote, nikapewa funguo na karatasi ya mauziano, logibuku nikaambiwa iko njiani. Miezi mitano baadaye nilitoka dukani na mfuko wa unga mkononi nikakuta magurudumu ya mbele ya gari langu yameinuliwa na winchi. Mtu mwenye faili alinionyesha barua. Gari lilikuwa dhamana ya mkopo ambao mwenye yadi alikuwa amechukua ili kuagizia magari yake, na yeye alikuwa ameacha kulipa. Nilikuwa nimelipa shilingi ya mwisho, na kwenye rekodi gari halikuwa langu. Ilinichukua zaidi ya mwaka na wakili mmoja mvumilivu kulipata tena.

Yule mtu hakuwa mwizi wa kupanga, na sikumfahamu kuwa mbaya. Ndiyo sababu nakusihi usipime yadi kwa uzuri wa muuzaji. Magari mengi yaliyopangwa uwanjani si mali ya yadi. Mengine ni ya watu walioyaacha yauziwe hapo kwa kamisheni, mengine yameagizwa kwa pesa za benki au za mkopeshaji binafsi, na mengine ni ya yadi kweli. Kwa macho yote yanang'aa sawa. Sheria ya Trafiki inasema mtu ambaye jina lake limesajiliwa ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hivyo swali lako la kwanza kwa muuzaji ni hili: gari hili, leo, liko kwa jina la nani?

Jibu lake usilipokee kwa mdomo. Omba namba ya gari na namba ya chesisi, kisha ingia mwenyewe eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, ulipie utafutaji wa rekodi. Ni shilingi mia chache tu. Linganisha jina la mmiliki, namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma cha gari, kwa kuzisoma moja moja kwa kidole. Jina likiwa la mtu asiye yadi, yadi ikuonyeshe barua ya mtu huyo inayowaruhusu kuuza, na uongee naye. Kisha utafute kwenye sajili ya dhamana za mali inayohamishika, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017 na iliyo chini ya idara ya usajili wa biashara. Humo wakopeshaji huandikisha mali waliyoishikilia kwa deni. Mwaka ule ningekuwa na kitu kama hicho ningelala vizuri.

Kama gari limeingia karibuni na halijapata namba ya Kenya, afadhali zaidi: lisajiliwe moja kwa moja kwa jina lako. Utake nakala za hati za ushuru wa forodha na za bandarini, na cheti cha kutolewa Japani. Jihadhari pia na gari lililoingizwa kwa msamaha wa ushuru, kwa mfano la mwanadiplomasia. Likiuzwa kabla ushuru haujalipwa, KRA, mamlaka ya ushuru, italifuata gari, na aliye nalo ni wewe.

Kuhusu yadi yenyewe, waombe CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi wa kampuni, au uitafute mwenyewe. Jina la kampuni lililo kwenye hati hiyo ndilo liwe kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki unayolipa. Lipa kwa benki hadi benki. Ukiambiwa utume kwa M-Pesa ya mtu binafsi, kidogo kidogo kwa sababu kikomo cha kutuma mara moja ni Sh250,000, chukua mkoba wako uende nyumbani. Yadi iliyokaa mahali pamoja kwa miaka mingi ni dalili nzuri, lakini ni dalili tu. Nimeona zenye ofisi za vioo zikifungwa usiku mmoja, wateja waliolipa nusu wakibaki na risiti.

Logibuku kubaki kwao hadi umalize si jambo la ajabu lenyewe, kwa kuwa mkopeshaji yeyote atataka dhamana. Tofauti iko hapa: imebaki kwao ikiwa na jina lako na lao pamoja, au imebaki kwao ikiwa na jina la mtu mwingine kabisa? Kwa namna ya kwanza, haki yako inaonekana kwenye rekodi. Kwa namna ya pili unalipia kitu ambacho, mbele ya sheria, ni kama umeazimwa. Na ukinunua kwa taslimu, uhamisho wa umiliki uanzishwe na muuzaji kwenye mtandao wa NTSA nanyi mkiwa mmekaa pamoja, wewe uukubali kwenye simu yako, ndipo pesa ziende. Wakisisitiza pesa zitangulie, basi wakili azishike hadi uhamisho utokee. Hiyo ni huduma ya kawaida.

Kuna jambo moja la sheria ambalo wateja wengi hawaambiwi. Kenya ina sheria ya ununuzi kwa mafungu, Sura ya 507, inayohusu mikataba ya hadi Sh4,000,000 kwa mtu binafsi. Inataka mkataba uandikishwe, na inasema kwamba ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kulichukua gari bila kwenda mahakamani. Kwa hesabu yako, bei yote ni malipo yako ya kwanza pamoja na mafungu yote, yaani Sh1,768,000, na theluthi mbili ungeifikia kwenye fungu la 12. Yadi nyingi zinajua hivyo, kwa hivyo huandika mkataba kwa sura nyingine, kama mkopo wa kawaida wenye gari kuwa dhamana, na kinga hiyo inakukwepa. Tofauti inaweza kuwa maneno machache kwenye ukurasa wa tatu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumpelekea wakili mkataba kabla ya sahihi yako. Ada yake ni ndogo sana ukiiweka kando ya Sh650,000. Mwambie aangalie faini ya kuchelewa, nani analipia winchi na maegesho gari likichukuliwa, kama wana haki ya kulizima gari kwa mbali kupitia traka, na kama pesa zako zinarudi uhamisho ukishindikana, baada ya siku ngapi.

Gari lenyewe sasa. Nitakuwa mfupi, kwa sababu hapa fundi wako anajua zaidi yangu, nawe ni lazima uende na fundi wako, si yule anayeletwa na yadi. Nenda asubuhi mapema, bila kuwaambia saa, uweke kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, wameliwasha kabla yako ili usisikie injini ikiamka baridi, kwa hivyo rudi siku nyingine. Kisha kaa kiti cha dereva, uvute mkanda wa usalama polepole hadi mwisho wake kabisa. Karibu na chini utaona kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa. Gari la 2018 lenye mkanda wa mwaka wa mbele zaidi huenda liligongwa mikanda ikafyatuka, ikabadilishwa. Sehemu ile ya mkanda isiyotoka kila siku ikiwa na mstari wa tope kavu au harufu ya uvundo, gari hilo liliwahi kukaa ndani ya maji. Watu husafisha viti, hupulizia manukato, hubadilisha mazulia. Mwisho wa mkanda wanausahau.

Kilomita kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kirahisi. Cheti cha kutolewa Japani huandikwa kilomita zilizosomwa gari likikaguliwa huko, na karatasi ya mnada wa huko hutaja daraja la gari. Ukiona R, lilikarabatiwa baada ya ajali. Wakikuonyesha karatasi ya mnada, iombe kwa namba ya chesisi upate nakala yako mwenyewe kwa wanaoziuza mtandaoni, kwa sababu za kughushi zipo. Na kwa Demio kuna swali la kwako hasa: ni ya petroli au ya dizeli? Namba ya chesisi ikianza na DJ5 ni dizeli. Hizo hunywa mafuta kidogo sana, lakini zina kichujio cha masizi kinachohitaji mwendo mrefu wa kasi ili kijichome na kujisafisha. Ukilitumia zaidi kwenye foleni za Jogoo Road na safari fupi za sokoni, kitaziba, na kukizibua ni gharama. Kwa Nairobi ningechukua la petroli, DJ3 au DJL, bila kusita. Ukaguzi wa kulipia wa AA, chama cha wenye magari, au wa mthamini wa benki, fanya hata kama fundi wako ameridhika. Sheria ya uuzaji wa bidhaa inakulinda kwa kasoro zilizofichika, lakini kasoro ambayo ulikagua ukapaswa kuiona, huilalamikii kirahisi baadaye.

Kuna hali ambazo haya maandishi yangu hayatoshi, uende kwa mtu ana kwa ana. Kama umeshaweka pesa za kushikilia gari, hata Sh20,000, nenda kwa wakili wiki hii na risiti yako kabla hujaongeza nyingine. Kama jina la kwenye NTSA na la kwenye mkataba hayafanani na muuzaji anakuzungusha, au namba za chesisi zimekwaruzwa, usibishane naye, ondoka, na kama ulishalipa nenda polisi. Kama umekataliwa mkopo na hujui kwa nini, chukua ripoti yako ya CRB, una haki ya kuipata bure angalau mara moja kwa mwaka, ukae na afisa wa Sacco muisome pamoja. Mara nyingi ni deni dogo la simu lililosahaulika. Na kama siku moja utalemewa na mkopo wowote, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya kulipa, ukiwa na kiasi unachoweza. Nilipokuwa upande ule wa meza, aliyekuja mapema tulimpangia upya. Aliyezima simu faili lake lilikwenda kwa madalali.

Mwezi wa kusubiri Sacco utakuwa mgumu, najua. Kwa usiku ambao hofu imezidi, ongea na mkuu wa zamu akuweke za mchana, au mchangie teksi na wenzako wanaoelekea Donholm na Buruburu. Hata mkitumia Sh15,000 mwezi mzima, hizo hazifiki riba ya mwezi mmoja tu ya ile yadi.

Kesho asubuhi, kabla muuzaji hajapiga, mtumie ujumbe: naomba namba ya gari, namba ya chesisi, jina la kampuni lilivyo kwenye usajili, na kiasi cha kulipa kila mwezi kwa maandishi. Hayo yote anayo mezani kwake. Halafu umpigie afisa wa Sacco umuulize fomu ya mkopo inahitaji wadhamini wangapi. Atakayekujibu kwanza, na atakavyokujibu, niandikie.